Kitulo haionekani ukiwa garini

Ukitoka Mbeya kuelekea Dar es Salaam kwa barabara kuu, mwendo wa kilomita 78 unakufikisha Chimala, mji wa malori na mpunga kwenye ukingo wa bonde la Usangu. Joto ni kali na vumbi halitulii. Upande wa kulia milima imesimama wima, imeziba anga. Barabara inayoupanda ukuta huo ina kona kali 57, na jina lake ni hilo hilo: Hamsini na Saba. Kila kona inakupunguzia joto kidogo. Ukifika Matamba, wilayani Makete, unawakuta watu wamevaa makoti mazito mchana kweupe. Ukizidi kupanda, unatokea kwenye uwanda wa nyasi ulio kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo Kitulo.

Mgeni aliyezoea Mikumi au Serengeti anaweza kuhamaki. Hakuna tembo kando ya njia wala simba chini ya mgunga. Kuna nyasi, vilima vya mviringo, vijito, na upepo. Akitazama kupitia dirishani ataona majani mabichi yaliyochanganyika na rangi rangi kwa mbali, atapiga picha mbili tatu na kugeuza gari. Huyo ataondoka hajaiona Kitulo. Hifadhi hii imeumbwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu, tena anayetembea polepole, kwa sababu utajiri wake uko chini, kimo cha goti, kimo cha kifundo cha mguu, na mwingine umejificha ardhini kabisa.

Naandika makala haya kwa kuwa naamini Watanzania wengi hatujui tuna nini pale juu, na kitu usichokijua ni vigumu kukilinda.

Hifadhi ya mimea

Kitulo imekaa katikati ya safu tatu za milima ya Nyanda za Juu Kusini: Kipengere, Poroto na Livingstone. Udongo wake ni mweusi na wenye rutuba, zawadi ya majivu ya volkano za upande wa Rungwe zilizolipuka zamani. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Mtorwi, wenye mita 2,961. Kwa tofauti ndogo sana unaupita hata mlima Rungwe ulio jirani, ambao ndio maarufu zaidi katika mkoa wa Mbeya.

Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa na makao Msumbiji, Frederick Elton, alipita katika milima hii akitokea Ziwa Nyasa. Alikufa Ugogo mwezi Desemba mwaka huo huo kabla ya kufika pwani, lakini maelezo ya safari yake yalichapishwa, na wakoloni wakauita uwanda huu kwa jina lake. Jina hilo leo limebaki kwenye ramani za zamani tu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na ukifika wakati wa mvua huoni kwamba wamezidisha chumvi.

Uamuzi wa kupafanya hifadhi ya taifa ulitangazwa mwaka 2002, na hifadhi ikaanzishwa rasmi mwaka 2005 ikiwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400, pamoja na msitu wa milima ya Livingstone. Katika Afrika ya kitropiki, Kitulo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Hifadhi nyingine zilitengwa kwa sababu ya faru, sokwe au nyumbu. Hii ilitengwa kwa sababu ya ua. Huo ni uamuzi wa kujivunia, na ulifanywa na nchi yetu.

Miguu ndiyo usafiri

Kutembea Kitulo hakufanani na kupanda Kilimanjaro. Huhitaji kamba, na hakuna kilele kinachomkosesha mtu usingizi. Ardhi inapanda taratibu, inashuka bondeni, inapanda tena. Lakini hewa ya mita 2,600 ni nyepesi, na anayetoka Dar es Salaam au Tanga ataisikia kifuani katika kilima cha kwanza. Mwenda pole hajikwai, na hapa mwenda pole ndiye pia anayeona.

Nyasi zinaota kwa mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu ardhi ni laini. Mahali pengine ni tope jeusi lenye maji chini yake, na mguu unazama mpaka kwenye kifundo kabla hujajua. Ndiyo maana buti zisizopitisha maji zina faida kuliko viatu vya raba. Ukungu huja bila taarifa. Dakika moja unaona vilima vitano mbele yako, dakika inayofuata huoni hata mwenzako aliye mbele. Kwa sababu hiyo usitembee bila askari wa hifadhi au mwongozaji anayeifahamu ardhi. Uwanda usio na miti hauna alama za kumrudisha mtu njiani.

Miti michache iliyopo imejibana mabondeni, kando ya vijito, ambako upepo haufiki kwa nguvu. Huku juu mwezi wa Juni hadi Agosti usiku hufika chini ya nyuzi sifuri, na asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Baridi hiyo, pamoja na moto wa kiangazi, imeziachia nyasi uwanda wote. Mimea inayoweza kuishi hapa ni ile yenye akiba chini ya ardhi: kitunguu, kiazi au mzizi mnene. Majani yakiungua au kugandishwa na baridi, mmea unasubiri ukiwa salama udongoni. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, unachipua.

Maua kwa zamu

Kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda unabadilika rangi mara kwa mara. Maua hayatoki yote kwa pamoja. Kila jamii ina zamu yake, na aliyekuja Januari akirudi Machi atakuta uwanda mwingine. Kuna mimea yenye mashada yaliyosimama wima, ya manjano na chungwa, mfano wa mienge iliyochomekwa kwenye nyasi. Kuna mishubiri, jamii za yungiyungi, jamii za alizeti ndogo za porini, na lobelia ndefu zinazopita kimo cha mtu kwenye maeneo yenye maji. Kwenye miteremko yenye mawe kuna protea, yenye maua makubwa magumu ambayo ndege wanyonya nekta huyagombania.

Lakini fahari ya Kitulo ni okidi. Wataalamu wameorodhesha aina zipatazo 350 za mimea katika uwanda huu, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Watu wengi wakisikia okidi hufikiria ua kubwa la dukani, linaloning'inia kwenye chungu. Okidi za hapa ni tofauti. Nyingine ni ndogo kuliko kidole chako cha mwisho, za kijani kibichi, na ukisimama wima huzitofautishi na majani. Lazima upige magoti. Ukipiga magoti ndipo unapoona ua lenye mdomo, mabawa na mkia, madoa yamepangwa kwa ustadi, na mrija mwembamba wa nekta umejificha nyuma. Mrija huo una urefu unaolingana na ulimi wa mdudu anayelihudumia ua hilo. Mdudu huyo akitoweka, ua halizai.

Nyingine ni kubwa na zinaonekana kwa mbali: za waridi, za zambarau, nyeupe, za rangi ya machungwa. Zinaota kwa makundi kandokando ya chemchemi, na njia ya waenda kwa miguu inapita kati yake. Hapo utamuona mtu mzima na akili zake anakanyaga kwa ncha za vidole ili asiumize ua.

Ndege wa shimoni na kima wa msituni

Mvua zinapoanza, Kitulo hupokea mgeni mwingine: mbayuwayu wa buluu. Mwili wake unang'aa buluu kama chuma kilichosuguliwa, na mkia wake una nyuzi mbili ndefu zinazomfuata angani. Huja kuzaliana hapa katika miezi ya mvua, kisha hurudi kaskazini kwenye nyanda za kuzunguka Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya zikiwemo. Hajengi kwenye paa la nyumba wala darajani. Anajenga ndani ya ardhi: kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, au pale udongo ulipotitia na kuacha tundu. Ili awepo, panahitajika nyasi, wadudu, na mashimo ya muhanga. Ukipanda misonobari au kulima viazi mahali hapo, amekwisha. Ndiyo maana ndege huyu amekuwa adimu Afrika nzima, na dunia imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Ndege mwingine wa kutafuta ni tandawala mkubwa, anayetembea kwa madaha kwenye nyasi fupi na kuruka kwa shida kwa sababu ya uzito wake. Utamuona kwa urahisi zaidi asubuhi na mapema, kabla upepo haujachachamaa. Wanyama wakubwa ni wachache. Uwindaji wa miaka mingi uliwapunguza sana. Wapo tohe kwenye mabonde na mbuzimawe kwenye miamba, na mwenye subira huwaona.

Ukiacha nyasi na kuteremka upande wa magharibi na kusini, unaingia msitu wa Livingstone. Ni kama umefungua mlango wa nyumba nyingine. Miti imevaa kuvumwani, ardhi ni ya majani yaliyooza, mwanga ni hafifu. Humu wanaishi mbega, na minde, paa wa msituni ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Humu pia anaishi kipunji.

Kipunji ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi na kishungi kilichosimama kichwani. Wanyakyusa waishio pembeni mwa Rungwe walikuwa wakimjua na kumtaja kwa jina hilo. Watafiti walipozungumza na wawindaji wa huko na kusikia habari zake ndipo walipoanza kumtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine, wakifanya kazi peke yao, wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mbali na huku. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 uchunguzi zaidi ukaonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe. Jenasi mpya ya kima wa Afrika ilikuwa haijatangazwa tangu mwaka 1923.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu duniani kote. Hesabu ya miaka ya karibuni imewakuta wakikaribia 2,000. Doria, kuondoa mitego na kazi ya kuelimisha vijiji vinavyozunguka msitu vimezaa matunda. Ni idadi ndogo bado, lakini inapanda, na katika habari za wanyama walio hatarini si mara nyingi tunaandika sentensi ya namna hiyo.

Kiazi kinachovuka mpaka

Adui mkubwa wa okidi za Kitulo ni jembe dogo na kikapu. Chini ya kila okidi ya ardhini kuna viazi viwili, kila kimoja kidogo kama karanga au zaidi kidogo. Kimoja ni kikuukuu, kimenywea, kimemaliza kazi ya kulisha mmea wa mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa; hicho ni cha mwaka ujao. Mchimbaji anataka hicho cha pili. Akikichukua, okidi haina mwaka ujao.

Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, na unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka mchanganyiko unashikamana na kuwa mgumu. Hukatwa vipande na kuliwa. Chakula hicho kinaitwa chikanda. Zamani kilikuwa cha vijijini, hasa kwa Wabemba. Baadaye kikapendwa mijini, kikaingia sokoni na hotelini, na okidi za Zambia zikaanza kupungua. Wafanyabiashara wakavuka mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi kati ya milioni mbili na milioni nne vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Hofu hiyo ni moja ya sababu zilizoharakisha kuanzishwa kwa hifadhi.

Simlaumu mama wa kijijini aliyejaza debe la viazi apate ada ya mtoto. Alipewa bei ndogo kwa kitu ambacho hakuna aliyemweleza thamani yake. Tatizo ni kwamba okidi hairudi upesi. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani yake. Ili zichipue lazima zikutane na kuvu wa aina fulani udongoni, azilishe mpaka zipate nguvu. Kisha mmea unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Shamba la mahindi likivunwa, mwakani linapandwa tena. Uwanda wa okidi ukivunwa hauna mbegu ya dukani ya kuurudisha.

Sheria zipo. Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa, na biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaotaka kibali. Lakini nje ya mpaka wa hifadhi bado kuna nyanda nyingi zenye okidi, na huko hakuna askari. Huko ulinzi utatoka vijijini au hautatoka kokote.

Uwanda unaohifadhi maji

Kuna jambo moja linalomhusu hata asiyejali maua. Ukitembea Kitulo unavuka vijito kila baada ya muda mfupi. Maji yake ni ya baridi na maangavu. Nyasi na tope jeusi lile linalokuzamisha mguu hunyonya mvua ya miezi sita na kuitoa kidogo kidogo mpaka kiangazi. Sehemu ya maji hayo hushuka Usangu, kwenye mashamba ya mpunga uliyoyaona Chimala, na kuingia mto Ruaha Mkuu.

Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho huungana na maji ya Rufiji. Mtera ina mitambo ya megawati 80 na Kidatu megawati 204. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam na Morogoro zilitegemea sana maji hayo. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, ambapo zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu kubwa iko bondeni, katika matumizi ya maji ya umwagiliaji na uharibifu wa ardhi oevu. Lakini mto uliokwisha kudhoofika chini hauwezi kumudu kupoteza na chanzo chake juu. Kuulinda uwanda wa Kitulo ni kulinda bomba la nchi.

Majirani wa hifadhi

Kitulo haiko peke yake. Kuna shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa juu ya uwanda, ambako ng'ombe weusi na weupe hulisha katika baridi inayowafaa. Kuna vijiji vya Wawanji, Wakinga na Wasafwa vinavyolima viazi mviringo, ngano na pareto. Vijana wengi wa Makete wamekwenda mijini kufanya biashara. Wakinga wanajulikana Kariakoo na Mbeya kwa bidii hiyo. Waliobaki wanaishi mlangoni mwa hifadhi. Wageni wakiongezeka, wao ndio wangekuwa waongozaji, wapishi, wenye nyumba za kulala wageni na wauzaji wa viazi vya moto kando ya njia. Ua likimlipa mwenyeji likiwa hai, hatakuwa na haja ya kuliuza likiwa kavu.

Njia inayostahili kujulikana zaidi ni ile ya kutoka Kitulo kuivuka milima ya Livingstone mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye mapafu mazuri. Unaanza asubuhi kwenye baridi ya mita 2,600, unapita nyasi, msitu, kisha mashamba ya migomba ya Wanyakyusa, na jioni unafika kwenye mchanga wa ziwa ambalo kimo chake hakifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Umeteremka zaidi ya mita 2,000 kwa miguu yako. Pale Matema kuna vyungu vya Wakisi, samaki wa ziwa na maji ya kuogelea. Sijui ni nchi ngapi zinazoweza kumpa mtembeaji mambo yote hayo kati ya macheo na machweo.

Kwa anayetaka kwenda

Makao ya hifadhi yako Matamba, kama kilomita 100 kutoka Mbeya mjini. Kupitia Chimala unahitaji gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, hasa mvua zikinyesha. Kwa maua, nenda Desemba mpaka Aprili, na ukubali kulowa. Kwa kutembea mbali katika hali ya hewa tulivu, nenda Septemba mpaka Novemba. Juni mpaka Agosti ni baridi na ukungu. Wenye kuipenda hali hiyo wapo, lakini wabebe blanketi. Chukua koti la mvua, sweta zito, kofia, buti, na maji ya kunywa. Lipa ada yako getini, chukua mwongozaji, na umwombe akufundishe majina anayoyajua yeye.

Usichume ua hata moja, na mtoto wako akiuliza kwa nini, mweleze habari ya viazi viwili. Ukikuta chikanda mahali popote, uliza viazi vimetoka wapi kabla hujanunua. Walimu wa Mbeya, Njombe na Songwe, wapelekeni wanafunzi Kitulo msimu wa maua, kwani somo la baiolojia liko pale juu linawasubiri. Na wewe unayepanga likizo ya mwisho wa mwaka, usiende kwa kupita. Egesha gari, funga kamba za buti, utembee.